Radhi Zilizokwama Kizingo

Nina hasira za karibu, na sijaona haja ya kuzificha. Kazini wananijua: ukiniletea kompyuta uliyoimwagia chai ukaniambia imeharibika yenyewe, utasikia maneno ambayo mamako hajawahi kukwambia. Kampuni yetu hutoa mizigo ya watu bandarini, na mimi kazi yangu ni mitambo, kuhakikisha barua pepe za wafanyakazi zinakwenda na kurudi. Nayasema haya mapema ili msomaji akifika mwisho asiseme nimegeuka. Sikugeuka, ndivyo nilivyo.

Makao makuu yako Kizingo, nyumba kubwa yenye miti na geti, mahali ambapo hata mtu akitaka soda hupanda gari kwenda kuinunua. Lakini kampuni ilianzia Mji wa Kale, na huko ilibaki ofisi ndogo, chini ya ghorofa ya watu, ina kabati za mafaili na feni moja. Humo alikaa mzee peke yake, karani wa mafaili, ambaye sote tulimwita Ami. Si ami yangu wa damu. Alinifundisha kazi nilipoingia, na nilipotaka kufukuzwa kwa sababu ya ulimi wangu alikwea ngazi za Kizingo kwa magoti yake mabovu, akanisemea. Tangu siku hiyo akawa ami yangu.

Ami alikuwa na desturi. Kila asubuhi, kabla hajagusa faili, huandikia kampuni nzima barua pepe ya salamu. Si ile "habari za asubuhi" ya kumtupia mtu ukapita. Assalaam aleikum jamaa zangu, mmeamkaje, watoto hawajambo, fulani mgonjwa wako yu hali gani leo, mvua ya jana haikuwaharibia kitu? Nasi humjibu mmoja mmoja, kwa urefu ule ule, naye humrudishia kila mtu neno lake. Salamu ikishatolewa kuijibu ni lazima, na hapa kwetu mtu asiyekujibu salamu ni afadhali angekutukana, ukajua ana neno gani nawe. Ukishanyimwa jibu huulizi kwa nini. Waulizaje? Salamu haiombwi. Unanyamaza na machungu yako, unajipitia mwenyewe kutafuta ulikosea wapi.

Mtu mmoja tu katika kampuni nzima hakuzipenda zile salamu, naye ni meneja wetu. Msidhani ni mgeni asiyejua mambo ya watu. Ni mtoto wa Mji wa Kale, nyumba yao na msikiti ni ukuta kwa ukuta. Alianza kazi kama karani mdogo chini ya mkono wa Ami. Siku moja aliingia mbio ofisini, mbele ya wateja, akasema, "Nipe faili la mzigo wa chai." Ami akamwambia, "Toka nje, uingie tena, utoe salamu." Akatoka, akangoja mlangoni mpaka alipoitwa, akaingia tena, akatoa salamu, wateja wakacheka. Kisa hiki nilisimuliwa na Ami mwenyewe, akikicheka kwa mapenzi, kama mzazi anayesimulia mwanawe alivyoanguka akijifunza kutembea. Hakujua kuwa mwenziwe amekiweka rohoni.

Mwaka ule Ami alipata nafasi ya kwenda Hija. Walikuwa wameingoja zamu hiyo yeye na mkewe kwa miaka, mke akatangulia mbele ya haki kabla haijafika. Nilikwenda kumtengenezea mashine yake iliyokuwa ikizimika ovyo, nikamkuta amekaa chini ya feni na kikombe cha kahawa, akaniambia kwa utaratibu wake.

"Mwanangu, mimi sina la kujiombea. Siku ya Arafa, tangu adhuhuri hata jua lichwe, ni yake yeye. Nilimuahidi akiwa kitandani. Nitasimama pale nimtaje yeye tu."

Kwa asiyejua, Arafa ndiyo Hija yenyewe. Ni jioni moja, watu wamesimama uwandani kumuomba Mola wao, na jua likichwa imekwisha. Mtu wa umri wa Ami, na magoti yale, hana safari ya pili.

"Lakini kwanza," akasema, "niwatake watu radhi. Siwezi kwenda kule na manung'uniko ya watu mgongoni."

Hiyo nayo ni desturi, kila mtu anaijua. Anayekwenda Hija huwazungukia jamaa, jirani na wenziwe wa kazi: kama nilikukosea nisamehe, nami nimekusamehe. Wao humjibu wamemsamehe, naye huondoka mwepesi. Nilimwambia, "Ami, wewe utakuwa umemkosea nani?" Akacheka akaniambia mtu hajui.

Wakati huo ndipo tulipokuwa tukihama. Seva yetu ya barua ilikuwa mashine kuukuu iliyowekwa kwenye chumba cha nyuma pale Kizingo, ikipiga kelele mchana kutwa, na wenye kampuni, walioko Nairobi, wakaamua barua zote zihamie seva mpya. Watu wengi hawahamishwi kwa siku moja. Unawahamisha kwa mafungu, na kwa wiki kadhaa kampuni moja inakuwa na posta mbili. Aliyehamia akimwandikia ambaye hajahamia, ile posta mpya haimjui huyo mtu, basi unaiambia: barua yake ikija usiitupe, ielekeze kule kwa zamani, atakuwa anaingoja. Ni kazi ya kawaida. Nilimuweka Ami awe wa mwisho kuhamia, kwa kuwa mashine yake ilikuwa mbovu na mwenyewe hapendi kubabaishwa. Nikaandika maelekezo ya barua zake, nikajitumia salamu kwa jina lake nikajijibu, zikapita vizuri. Nikaendelea na wengine.

Palikuwa na mafundi wa kukodiwa waliotoka Nairobi kusaidia kazi hiyo, vijana wapole, hawajui nani ni nani. Wao walikuwa na funguo za kila kitu, kama mimi. Hilo lishike.

Siku mbili tatu baadaye pale ofisini kukaanza maneno. Mama wa hesabu, aliyekaa meza ya pili kutoka kwangu, akasema, "Mbona Ami siku hizi haturudishii? Namuuliza habari ya safari, kimya." Mwengine akasema labda shughuli zimemzidi. Mwengine, mwenye ulimi kama wangu, akasema, "Hajafika Makkah keshaanza kutuona watu wadogo." Tulicheka. Kisha salamu zake zenyewe zikawa fupi, kisha zikawa haziji. Nilidhani ana haraka. Kusema kweli nilikuwa na watu wengi wa kuhamisha na kila mmoja ananililia picha zake zimepotea.

Halafu, sote tumeshahamia ila yeye, ikaja barua yake ya radhi. Niliisoma mezani kwangu nikaacha chai ikapoa. Alimtaja kila mmoja wetu na jambo lake. Aliandika kuwa ameona tumenyamaza, anajua kimya cha watu waungwana kina sababu, na kama kuna alilotutenda kwa ulimi au kwa mkono, kwa kujua au kwa kutojua, tumsamehe kabla hajaondoka. Ile sentensi ya kimya tulipita juu yake. Kila mmoja alidhani anasemwa mwenziwe.

Tulimjibu. Wallahi tulimjibu sote, siku ile ile. Mama wa hesabu aliandika akifuta macho. Mimi, ambaye kuandika kwangu ni "tayari" na "zima uwashe", nilikaa nikamuandikia barua ndefu. Nilimwambia kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu, kwamba siku ile aliyonisemea nisifukuzwe nilikwenda nikalia kwenye ngazi za nyuma, kwa kuwa tangu babangu afe hakuna mtu mzima aliyewahi kusimama upande wangu. Nikamwambia hana kosa kwangu, na mimi ndiye nitakaye radhi yake.

Sikupata jibu. Siku ya kwanza nikangoja. Ya pili nikakasirika. Mtu nimemfungulia moyo wangu, hata neno moja? Mnanijua, hasira zangu ni za karibu, na hii ilikuja ikaketi.

Siku chache kabla ya safari akaja mwenyewe Kizingo. Nilishuka ngazi na waya mabegani nikamkuta kwenye viti vya mapokezi, amevaa kanzu safi na koti lake la harusi za watu. Meneja alikuwa amesimama mbele yake, mikono mifukoni.

"Nimekuya kuwaaga jamaa," Ami alikuwa akisema. "Na kusikia kutoka kwao, kama walipata barua yangu."

"Waliipata, Ami," meneja akamwambia. "Wote waliipata, wote waliisoma. Wako mkutanoni sasa."

Hapakuwa na mkutano. Nilidhani yeye meneja ndiye mwenye mkutano na watu wake, sikujali. Ami akaniona, akainuka kwa kushika kiti.

"U hali gani, mwanangu."

"Njema, Ami."

Akanitazama. Akangoja. Nami nikangoja. Nilikuwa nangoja aseme ameisoma barua yangu, neno dogo tu, hata kichwa akitikise. Sasa najua yeye naye alikuwa akingoja niseme nimemsamehe. Tulisimama hivyo, yeye na koti lake, mimi na waya zangu, kila mmoja anaona aibu kuomba kile anachodhani amenyimwa. Watu wa kwengine wangeulizana yakaisha. Sisi tuna adabu sana.

"Haya, Ami. Safari njema," nikasema, nikapita.

Meneja alikuwa akitutazama sote wawili. Sikuuelewa uso wake wakati ule.

Mtu anayekwenda Hija huagwa. Nyumba hujaa, watu humpa maombi yao awapelekee. Kwa Ami hakwenda hata mmoja wetu. Tulisema, kama ametususa, tumwendee kwa nini? Binti yake aliniambia baadaye kuwa mzee alikaa sebuleni mchana mzima na sahani za halua, majirani wakija wakitoka, na kila mlango ukibishwa anauliza kama ni watu wa kazini.

Siku ya Idi, ofisi imefungwa, nilikwenda kuizima ile mashine ya zamani. Nilichagua sikukuu kwa sababu hakuna wa kunisumbua. Alikuwa amebaki Ami tu, nimhamishe kisha nizime. Nikafungua kisanduku chake kule kwa zamani, nikakuta barua za siku za nyuma tu. Hakuna jibu letu hata moja. Ilikuwamo barua moja tu iliyoingia baada ya yeye kututaka radhi, nayo ilitoka kwa meneja: "Ujumbe umepokelewa."

Nikaenda kutazama maelekezo niliyoyaandika. Yalikuwa yamebadilishwa. Barua za ndani za kwenda kwa Ami, ila zake meneja mwenyewe, hazikuwa zikielekezwa kwenye seva ya zamani tena. Zilielekezwa kwenye kisanduku cha meneja. Niliwapigia wale vijana wa Nairobi, mmoja akapokea, akanijibu bila wasiwasi: ndiyo, meneja aliwaambia ofisi ile inakaribia kufungwa, barua zake azipitie yeye. Nikakifungua kisanduku cha meneja. Zote zilikuwamo, salamu zetu na radhi zetu, na yangu pia. Zote zilikuwa zimesomwa.

Ofisi ilipofunguliwa nilimwingilia bila kubisha, na salamu sikutoa.

"Umezisoma," nikamwambia.

Hakujifanya kutoelewa, hilo nampa. "Ofisi ile yafungwa. Nilitaka aondoke kwa miguu yake, aone hapana anayemngoja."

"Ungemwambia inafungwa."

"Ningemwambia, mngemfanyia karamu ya kumuaga." Akavuta kiti chake karibu na meza. "Yeye aliwahi kuniweka mlangoni, watu wakinicheka, nikingoja ruhusa ya kuingia. Nilitaka naye angoje mlangoni."

Nilimtukana. Sitayaandika hapa, mamangu bado husoma ninachoandika. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akasema, "Ameshasimama Arafa na amesharudi Mina. Usimwambie. Mwache alivyo."

"Nitamwambia," nikasema, "na utakuwapo."

Nilidhani anajiogopea nafsi yake. Labda ndivyo. Lakini nimeifikiria ile "mwache alivyo" mara nyingi, na nachukia kuwa mtu yule aliona mbali kuliko mimi.

Ami aliporudi tulikwenda kumtazama, kampuni nzima, na meneja pia, kwa kuwa asingekwenda angeonekana. Nilikuwa nimetayarisha kila kitu. Nilikuwa nimekihamisha kisanduku chake kwenye seva mpya, nimezirudisha zile barua zote mahali pake, imebaki kuziunganisha na simu yake tu. Nilikuwa na furaha mbaya. Nilitaka wote waone, na nilitaka kuona uso wa yule bwana utakavyokuwa.

Ami alikuwa amenyolewa, amekonda, kanzu inampwaya. Kwa kawaida wanawake huingia ndani, lakini sisi wa kazini alitupokea sebuleni wake kwa waume, akasema watu wa ofisi moja hawana pazia. Alitupa mkono, kila mmoja, akimtazama usoni kama anayemsoma. Tukanywa zamzam kwa vikombe vya kahawa, tukala tende. Alimpa meneja tende kwa mkono wake.

"Ami," nikasema, "nipe simu yako. Kuna barua zako zilipotea njia."

Alinipa. Nikafanya yangu, nikamrudishia, na simu ikaanza kulia. Ikalia tena, na tena. Alivaa miwani akasoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Mama wa hesabu alitabasamu akitambua maneno yake.

"Hizi ni za lini?" Ami akauliza.

"Za siku ile ile, Ami. Sote tulikujibu siku ile ile. Sote tulikusamehe kabla jua halijachwa." Nikamgeukia meneja, nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka ndani: "Kuna mtu alizielekeza kwake, akazisoma, akakaa nazo."

Meneja akaweka kikombe chini. Nilingoja Ami amtazame. Hakumtazama.

"Siku ile ile," akasema tena, polepole. Akavua miwani.

"Kule Arafa nilianza na nyinyi," akasema. "Nilijiambia nimalizane na watu kwanza, nipate kumtaja yeye nikiwa sina mzigo. Basi nikawashika mmoja mmoja. Nikitafuta nilikukosea nini wewe, nilikukosea nini wewe. Nyinyi ni wengi." Alinielekea mimi. "Kwako nilikaa sana, mwanangu. Sikuliona kosa. Nikasema basi ni kubwa, ndiyo maana silioni." Kisha akamwelekea meneja, kwa upole, na huo upole sitausahau. "Na wewe nilikukumbuka siku ile ya faili la chai, niliyokutoa mbele ya watu. Nikalia kwa ajili yako. Nilipoinua kichwa, jua limeshakuchwa, watu wanafunga vitu vyao kuondoka."

Binti yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, ameshika sinia. Yeye alijua ahadi ile, kama nilivyoijua mimi.

"Na mama?" akauliza.

"Sikumfikia," Ami akasema.

Simu ikalia tena mkononi mwake. Akavaa miwani, akaisoma na hiyo.